Mtoto anauma wenzake na maneno hayatoki: anzia hapa

Wazazi wengi ninaowahudumia hapa Mwanza huniambia mtoto ni mkorofi: anauma, anajigaragaza, akitumwa haendi. Ana miaka minne na bado anasema "mama maji" tu: lugha yake imechelewa. Asiyeelewa anachoambiwa huonekana kaidi, na asiyeweza kudai chake kwa mdomo hukidai kwa meno. Viboko havimfundishi neno hata moja.

Hatua ya 1: Apimwe masikio. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu. Hospitali ya Bugando wana kliniki ya masikio, pua na koo. Msikimbilie kumkata udata, ule utando ulio chini ya ulimi; ulimi ulioshikwa hauzuii mtoto kuelewa. Na bibi aendelee na Kisukuma chake, kwani lugha mbili hazisababishi tatizo hili.

Hatua ya 2: Fungua daftari. Kwa wiki moja andika kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mfano: jioni, watoto wanachambua dagaa. Shangazi anasema, "Mkishanawa, nileteeni ule ungo ulio nyuma ya mlango." Wenzake wanainuka, naye anawafuata, anarudi na kikombe. Wanamcheka. Kikombe kinaruka. Aliyekuja baadaye ameona kikombe tu, lakini daftari linaonyesha sentensi iliyompita.

Hatua ya 3: Fupisha, kisha subiri. Chuchumaa, mwite jina, mtazamane. "Leta ungo." Onyesha kwa kidole. Hesabu moyoni hadi kumi. Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa: tunarudia kwa sauti kubwa zaidi wakati mtoto bado anaihangaikia sentensi ya kwanza.

Hatua ya 4: Mpe neno mapema. Ukiona ngumi inakunjwa: "Umekasirika. Kachukua gari lako. Nipe!" Akitamka "ipe", asaidiwe kulipata palepale, nawe uongezee: "Nipe gari." Usimlazimishe kurudia. Ishara ya mkono nayo ipokee, haimcheleweshi kusema.

Hatua ya 5: Mwangalie na mtoto mpole ambaye naye maneno hayatoki. Huyu ananiumiza moyo zaidi, maana hakuna anayemleta. Anakaa pembeni, anaiga wenzake, asubuhi ya shule tumbo linamuuma. Mwambie mwalimu wa chekechea amuulize maswali ya kuchagua, "Unataka uji au chai?", na asimsimamishe mbele ya darasa.

Mtoto aliyekuwa anasema maneno kisha yakapotea, wa umri wowote, mpelekeni hospitali wiki hiihii.