Jinsi ya kutafsiri "click" bila kubofya kila kitu

Kijana ninayemsaidia kuandika manukuu ya filamu aliniletea hii: "Walibofyana tangu siku ya kwanza." Walikuwa wachumba. Basi fuata hatua hizi.

1. Funga programu ya kutafsiri, vaa hedifoni, tazama tukio lenyewe. Maandishi peke yake hayakuonyeshi kilicholia.

2. Ni kompyuta au simu? Andika "bofya", songa mbele.

3. Ni sauti? Taja chenye kulia. Viatu vya mchuchumio vinalia ko ko ko. Kufuli linalia ka! Ulimi ndio wenye kazi. Mtu akichukizwa, wengi huandika "alisonya", nami naikubali kwa kuwa mtazamaji ataiona hasira, ingawa kusonya ni kuvuta hewa menoni. Ulimi ukibanduliwa kaakaani, hicho ni kidoko. Na filamu ikiwa ya Wasandawe au Wahadzabe, andika kidoko bila kusita: kwao ni konsonanti kamili, kama k na t zetu.

4. Si sauti wala kompyuta? Hapa ndipo jioni nzima hupotea. Uliza kwanza: mtendaji ni nani?

Wakiwa watu wawili, "they clicked", maana yake wamepatana upesi. Naandika "walipatana mara moja", au "damu zao zilipatana" kama msemaji ni mtu mzima. Vijana wa Dar wape "waliivana". Usikimbilie "chanda na pete": huo ni urafiki uliokwisha kukomaa, na hawa wamekutana jana. Tena si lazima pawe na mapenzi. Wachezaji wa timu moja nao huivana.

Mtendaji akiwa "it", mara nyingi mtu ameelewa ghafla: "ndipo nikang'amua", au "ikaniingia". Lakini rudi nyuma sentensi mbili. Kama kuna mlango, bunduki au mkanda wa gari, huenda "it" ni hicho chuma, na umemfanya mtu ang'amue wakati anafunga mkanda! Pia kuna "everything clicked into place": hapo si lazima mtu awe ameelewa kitu, mambo tu yamekaa sawa.

5. Hesabu herufi. Kikomo cha kawaida ni 42 kwa mstari, na "ndipo nikang'amua" inaenea bila taabu.