Weva ya afya imekataliwa na bado unataka urubani wa jeshi Marekani? Anza hapa

Mi nilikataliwa kwa sababu ya inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo. Nilikuwa na miaka 14, nikakohoa kama wiki tatu hivi, daktari akanipa inhela na kwenye faili akaandika pumu, nikapona, inhela yenyewe sijui hata ilipotelea wapi. Miaka 9 baadaye naomba urubani neno hilo moja likaibuka, manake kanuni ya Wizara ya Ulinzi, DoDI 6130.03, inamzuia mtu mwenye pumu yoyote iliyoandikwa baada ya kutimiza miaka 13. Nikaomba weva, yaani ule msamaha wa kiafya, ikakataliwa. Baadaye nilipita, na siku hizi nasaidia vijana kupanga makaratasi yao, kwa hiyo haya nayoandika nimeyapitia mwenyewe.

Hatua ya 1: jua ni nani hasa aliyekataa

Wengi wanachanganya hapa. MEPS (vituo vya kupima wanaoingia jeshini) na DoDMERB (bodi inayopima wanaoomba vyuo vya maofisa) hawatoi weva, kazi yao ni kusema unafikia viwango au hufikii. Weva inaamuliwa na jeshi lenyewe unaloliomba (la anga, la majini, la nchi kavu), au chuo chake. Alafu viwango viko viwili, kuna cha kuwa ofisa tu na kuna cha kurusha ndege ambacho ni kikali zaidi, unaweza kupita cha kwanza ukakwama cha pili. Kwa hiyo usikubali rikruta, yule ofisa wa kuandikisha, akuambie kwa simu "wamekataa bana, pole." Omba uamuzi kwa maandishi, na uulize sababu iliyoandikwa ni ipi neno kwa neno, pamoja na namba ya ugonjwa (code) kama ipo. Bila hiyo utakuwa unajibu swali ambalo hujaulizwa.

Hatua ya 2: kusanya rekodi zako ZOTE

Sheria ya HIPAA, ile ya Marekani ya rekodi za afya, inakupa haki ya kupata rekodi zako na kwa kawaida hospitali ina siku 30 kukujibu. Chukua kila kitu hadi za duka la dawa. Na tafadhali usijaribu kuficha, tangu 2022 MEPS wanatumia mfumo wa MHS GENESIS ambao unaweza kuvuta rekodi za hospitali za kiraia, wanaweza kuona dawa ambayo we mwenyewe ulishaisahau. Tena kudanganya ili uingie jeshini ni kosa la jinai, hiyo siyo kukataliwa tena, hiyo ni kesi.

Zisome mstari kwa mstari. Ukikuta ugonjwa ambao hukuwahi kuwa nao, HIPAA hiyo hiyo inakuruhusu kuomba marekebisho kwa maandishi, na wana siku 60 za kulishughulikia ombi. Wanaweza kukataa wakisema rekodi ni sahihi, hapo una haki ya kuweka maelezo yako ya kupinga na yakakaa ndani ya faili. Mimi daktari wangu alikubali kuandika kwamba kile kilikuwa kikohozi cha baada ya mafua na hakikuwahi kupimwa kama pumu. Karatasi moja tu, nilisubiri karibu miezi miwili.

Hatua ya 3: soma kitabu wanachosoma wao

Hapa ndo kwenye nyama. Jeshi la Anga lina Waiver Guide, yaani mwongozo wa weva, wanamaji wana mwongozo wao unaotoka NAMI, taasisi yao ya tiba ya anga, kule Pensacola, Florida, na nchi kavu wana barua za sera za tiba ya anga zinazotoka Fort Rucker, Alabama. Zinapatikana mtandaoni bure, na kwa magonjwa mengi zinakuambia kabisa vipimo gani vinatakiwa ili weva ifikiriwe. Nimeona vijana wanapeleka kurasa 80 na kipimo kile kimoja kilichotajwa hakimo!

Na jua daktari wa anga anajiuliza nini akishika faili lako. Hiki kitu kinaweza kumwangusha ghafla akiwa angani? Kinaweza kumpunguzia uwezo kidogo kidogo bila yeye kujua? Kimetulia, na kitaendelea kutulia kwenye mvuto mkali, hewa nyembamba, kukosa usingizi? Kikianza kurudi dalili zitaonekana mapema? Anahitaji dawa au vipimo ambavyo havipatikani akipelekwa mbali? Kama faili halijibu hayo, jibu rahisi kwake ni hapana.

Hatua ya 4: kipimo na barua

Kwangu kilikuwa kipimo cha methakolini, kinachoangalia kama una pumu. Unabanwa pua na kibanio, unavuta dawa kwa dozi zinazopanda, na kila baada ya dozi unapuliza kwenye bomba kwa nguvu zote mpaka macho yanataka kutoka, wao wanaangalia kama pumzi ya sekunde ya kwanza imeshuka kwa asilimia 20. Yangu ilishuka 4.

Alafu barua ya daktari bingwa. "Namfahamu kijana huyu ni mzima na mchapakazi" haina kazi. Unataka iseme mara ya mwisho dalili ni lini, dawa ya mwisho lini, kipimo gani na matokeo kwa namba, uwezekano wa kurudi, na kwamba hana katazo lolote. Mpelekee yale maswali ya hatua ya 3 ayajibu, madaktari wengi wa kiraia hawajawahi kuandika kitu kama hiki na hawakasiriki ukiwasaidia.

Hatua ya 5: peleka upya, au peleka kwingine

Ukiomba waangalie tena weka kilicho kipya juu kabisa, na ukurasa mmoja wa maelezo: walisema hivi, ushahidi mpya ni huu, uko ukurasa fulani. Ukirudisha faili lile lile utapata jibu lile lile.

Wakikataa tena, kila jeshi lina mamlaka yake ya weva, kwa hiyo "hapana" ya mmoja haimfungi mwingine. Mi nilipita kwenye jeshi la pili. Ila fomu ya DD 2807-1, ile ya historia ya afya yako, inauliza kama umewahi kukataliwa jeshini, andika ndiyo na ambatanisha kila kitu.

Kuandikia ofisi ya mbunge au seneta wako? Inasaidia faili lililolala lijibiwe, daktari habadili uamuzi kwa ajili hiyo. Na medikali ya FAA, yaani cheti cha afya cha marubani wa kiraia, hata ikiwa daraja la kwanza haihesabiki huku, usiitegemee.

Ukipita Jeshi la Anga bado kuna uchunguzi wa marubani kule Wright-Patterson, Ohio, na wapo wanaoangushwa na macho hapo hapo baada ya kupita vipimo vya kwao vizuri, kwa hiyo nenda na faili lako zima, kopi mbili.