Namna ya kuchagua maikrofoni ya kupigia na kurekodia tarumbeta nyumbani

Wapiga tarumbeta wengi wa Moshi na Arusha wamejifunzia ala hii usharikani, katika vikundi vya matarumbeta vilivyorithi desturi ya wamisionari wa Kijerumani, na wengine wameikomaza juu ya pikapu katika misafara ya harusi. Huko kote kinachotakiwa ni kusikika mbali. Mpigaji huyohuyo anapojifungia chumbani ili arekodi, jambo hilo hugeuka kuwa mzigo, kwa sababu sauti iliyokusudiwa uwanja mzima sasa inagonga kuta zilizo hatua mbili kutoka alipo.

Hapo ndipo ushauri wa madukani unapopotosha. Maikrofoni nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kuwa za studio zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeimba au kusoma habari, kwa hiyo muuzaji husifia wepesi wake wa kunasa hata pumzi. Mpiga tarumbeta hahitaji sifa hiyo. Karibu na mdomo mpana wa ala, tarumbeta inayopigwa kwa nguvu huvuka desibeli 120, na swali la kwanza la kuuliza ni kiasi gani cha sauti maikrofoni inaweza kustahimili kabla haijaanza kupasua. Takwimu hiyo mara nyingi huandikwa kwenye karatasi ya maelezo, hasa kwa kondensa. Ikiwa chini ya desibeli 130, ningeirudisha rafuni.

Kuna aina tatu za kufikiria, yaani dainamiki, yenye koili inayotikiswa na sauti ndani ya sumaku, kondensa, yenye kiwambo chepesi kinachohitaji umeme, na riboni, yenye utepe mwembamba wa metali. Kondensa nyingi za siku hizi hustahimili sauti kubwa bila shida. Audio-Technica AT2020, kwa mfano, hufika desibeli 144. Tatizo lake kwa tarumbeta liko kwingine. Watu husema kwamba kondensa huvuta kelele za chumba, lakini kiasi cha chumba kinachoingia katika rekodi huamuliwa zaidi na umbali kati ya ala na maikrofoni, pamoja na pande ambazo maikrofoni hiyo inasikiliza. Kinachotokea ni kwamba kondensa, kwa kuwa inanasa vizuri sauti za juu kabisa, hufanya tarumbeta iliyo karibu isikike kali kama bati linalokatwa, na mpigaji hulazimika kuisogeza mbali. Akishaisogeza, mwangwi wa chumba unaingia. Katika nyumba zetu nyingi za matofali ya saruji, zenye plasta laini, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu, mwangwi huo hauna uzuri wowote.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza mtu aanze na dainamiki inayosikiliza zaidi upande wa mbele, ile ambayo mafundi huiita kadioidi. Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, ndiyo ya bei nafuu kati ya zile zinazoaminiwa, na inanasa kuanzia hezi 40 (yaani mitetemo 40 kwa sekunde) hadi 15,000, upana unaotosha kabisa ala hii. Mwenye fedha zaidi anaweza kutazama Sennheiser MD 421, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1960 na ina pete ya kupunguza besi. Kwa tarumbeta pete hiyo iachwe kwenye herufi M. Electro-Voice RE20 nayo ina sifa ya kutoongeza besi mtu anapoisogelea, ila ina uzito wa zaidi ya nusu kilo na huangusha stendi dhaifu. Kabla ya kununua chochote, ni busara kumwomba fundi mitambo wa kanisani akuazime SM58 kwa jioni moja. Ni ndugu wa karibu wa SM57, na itakuonyesha mapema kama aina hiyo inakufaa.

Tahadhari moja ni ya lazima, kwa kuwa SM57 na SM58 za bandia zimejaa sokoni. SM57 halisi ina uzito wa gramu 284 na SM58 gramu 298, bila waya. Nyingi za bandia ni nyepesi, na muuzaji anayekataa bidhaa yake kuwekwa kwenye mizani ameshakupa jibu.

Riboni nitaipitia haraka. Husawazisha ukali wa tarumbeta kwa namna ya kupendeza mno, na Royer R-121 ya mwaka 1998 imekuwa chaguo la studio nyingi kwa ala za shaba. Lakini ni ghali, utepe wake mwembamba unaweza kuharibiwa na upepo wa ghafla au na umeme wa volti 48, ule wa kuendeshea kondensa, uliopita katika waya wenye hitilafu, na husikiliza nyuma sawasawa na mbele, kwa hiyo ukuta ulio nyuma yake nao unarekodiwa. Si ya kuanzia.

Ukishapata maikrofoni, mahali pa kuiweka patabadilisha rekodi kuliko tofauti ya bei kati ya dainamiki mbili nzuri. Sauti za juu za tarumbeta husafiri kama mwale ulionyooka kutoka katikati ya mdomo wa ala, ilhali zile za chini husambaa pande zote. Maikrofoni iliyo mbele moja kwa moja hupokea ukali wote. Ukiisogeza pembeni kidogo, au ukiishusha ikatazama ukingo wa mdomo badala ya katikati, ukali unapungua bila kugusa kifaa kingine. Anza na umbali wa sentimita 40, kisha ujaribu 30 na 60, ukipiga kifungu kilekile kila mara. Mahali pasipo na mwangwi mwingi, kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6, wakati mwangwi wa chumba unabaki karibu palepale. Nyuma yako tundika blanketi zito au simamisha godoro, kwa kuwa maikrofoni inatazama upande huo.

Dainamiki inahitaji kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye kompyuta, na moja yenye tundu moja la XLR, yaani lile la pini tatu la waya wa maikrofoni, inatosha. Maikrofoni za USB zinajaribu kuondoa gharama hiyo, lakini nyingi hupasua sauti ya tarumbeta ndani kwa ndani, na kupunguza sauti kwenye kompyuta hakurudishi kilichokwisha kupasuka. Simu nayo huongeza na kupunguza sauti yenyewe, hivyo kipande cha polepole na cha nguvu husikika karibu sawa. Ukipiga juu ya muziki uliorekodiwa, tumia hedifoni zilizofunika masikio yote ili muziki usivujie kwenye maikrofoni, na chagua kadi inayokuwezesha kujisikia moja kwa moja bila sauti kupitia kompyuta, la sivyo utajisikia umechelewa na mapigo yatakutoka.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na waya mbovu au tundu lisilo na ethi huleta mvumo wa hezi 50 na 100. Tarumbeta ya kawaida ya Bb haishuki chini ya hezi 160 hivi, kwa hiyo kichujio kinachokata kila kilicho chini ya hezi 120 hupunguza mvumo huo bila kuigusa ala. Kurekodi laptopu ikiwa kwenye betri husaidia pia. Mvua ya masika juu ya bati haina kichujio, subiri ikatike.

Weka programu, hata Audacity ambayo ni ya bure, kwenye biti 24, kisha piga noti yako yenye nguvu kuliko zote na urekebishe kadi hadi kilele kisimame kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu, ambacho sifuri ndiyo mwisho wake. Usipime kwa noti ya kawaida, kwa sababu ukishachangamka utaivuka. Ukiziba ala kwa kizibo, sauti hupungua sana. Sogea hadi sentimita 10 au 15, na hapo tu ndipo kondensa, kama unayo, huanza kuizidi dainamiki.