Jinsi ya kuimudu "pick up" ukiwa unafanya kazi na wageni Unguja na Pemba

Msimu wa wageni ukikaribia, madereva na vijana wanaotembeza watalii huja kwangu tuisheni ya jioni hapa Mjini na madaftari yaliyojaa orodha: neno la Kiingereza, alama ya sawasawa, neno la Kiswahili. Mbele ya "pick up" wameandika "kuokota", basi. Orodha ya namna hiyo inatosha kwa neno kama "spoon". Kwa "pick up" haitoshi hata kidogo, maana maneno haya mawili yakikaa pamoja yana maana zaidi ya kumi, na dereva anayetoka uwanja wa ndege kwenda Nungwi hukutana na nyingi kati ya hizo njiani.

Anza kwa kutenganisha "pick" na "pick up". Mimi ni mtu wa Wete, kwa hiyo nafundisha kwa karafuu. Aliye juu ya mkarafuu anachuma: "He is picking cloves." Walio chini wanaokota zilizodondoka: "They are picking up cloves." Hiyo "up" ndiyo inayokitoa kitu chini. Ukimpeleka mgeni shambani, mwoneshe wote wawili na useme sentensi zote mbili kwa sauti. Kitu kiko mahali, unakiinua, unakwenda nacho: ukiishika picha hiyo, nusu ya maana zilizobaki hazitakusumbua.

Maana ya pili ndiyo inayoleta riziki: kumpitia mtu na kumchukua. "I will pick you up from your hotel at eight." Visawe vyake ni "collect" na "fetch", lakini usivitumie ovyo. Mwingereza husema "collect" kwa mtu bila shida. Mmarekani akilisikia, huwaza zaidi vitu: mizigo, fedha, stempu. Kwake baki na "pick up". "Fetch" ina maana ya kwenda kuchukua na kurudi. Iache kwa taulo na maji, kwani mgeni akiambiwa "I will fetch you" anaweza kuiona kauli kavu.

Hapa pia pana hatari ambayo vijana wengi hawaambiwi. Kumwambia mtu usiyemjua maneno ya kumvutia ili uondoke naye, yaani kumtongoza, nako ni "pick up". Ukimfuata mgeni wa kike ufukweni na kumwambia "I want to pick you up", ukanyamaza, ana haki ya kukasirika. Taja mahali, saa na shughuli: "I will pick you up at the reception at eight for the Jozani trip." Sentensi ikiwa na vitu hivyo vitatu, hakuna atakayekuelewa vibaya. Na saa iandike kwa hesabu ya mgeni. Saa mbili asubuhi ni "8:00 a.m.", ukimwandikia "pick up at 2", atakusubiri alasiri na wewe umeshafika Jozani.

Kanuni ya sarufi ni fupi na haina msamaha. Jina laweza kukaa mwisho au katikati: "pick up the bags", "pick the bags up". Kiwakilishi hukaa katikati tu: "pick them up", "pick her up". "Pick up them" ni kosa, na mgeni atalisikia hapo hapo.

Maana ninayoipenda kuifundisha kuliko zote haina anayebebwa wala kinachobebwa: "The wind is picking up." Upepo unazidi. Wakati wa kusi, nahodha anayerudi kutoka Mnemba huihitaji sana sentensi hii. Biashara nayo husemwa hivyo hivyo. Baada ya masika kupita na wageni kuanza kurudi mwezi wa Juni, tunasema "Business is picking up." Sasa tazama visawe. Kwa biashara, kisawe ni "improve", kuwa nzuri zaidi. Kwa upepo ni "increase" au "get stronger". Ukivibadilisha ukasema "The wind is improving", mgeni aliyevaa miwani ya kuzamia atafurahi na kuruka majini, kumbe ulitaka kumwambia apande chomboni murudi. Kwa hiyo kisawe usikiandike kamwe peke yake daftarini. Kiandike pamoja na kitu chake: upepo na "increase", biashara na "improve".

Kuna na kujifunza. Mgeni akikuuliza "Where did you pick up your English?", anauliza ulikipata wapi Kiingereza chako, na mara nyingi anakusifu. "Pick up" hapa ni kujifunza kwa kusikia na kuzoea, bila mwalimu wala ubao. Kama ulikipata kwa kuzungumza na wageni Paje, jibu "I picked it up from guests." Kama ulikisoma skuli, sema "I studied it at school." Kisawe "acquire" kipo, lakini hicho ni cha vitabuni.

Zilizobaki ni nyepesi. Simu: "He didn't pick up", hakupokea, kisawe "answer". Redio au mtandao: kwetu Pemba redio ya marehemu baba ilikuwa ikikamata Mombasa usiku, "It picked up Mombasa", kisawe "receive". Ugonjwa: "She picked up a stomach bug", kisawe "catch". Kununua kitu kidogo njiani: "Let's pick up some water at Darajani", kisawe "buy". Bili: mgeni akisema "I'll pick up the bill", anataka kuwalipia wote, kwa hiyo mletee yeye peke yake.

Sikiliza na mkazo. Ikiwa tendo, sauti hupanda kwenye "up". Ikiwa jina, kama "pick-up point", mkazo huhamia mwanzo, na maneno huunganishwa kwa kistari. Gari yetu ya pikapu imetokana na hilo jina.

Kila jioni andika sentensi za yale yaliyokupata siku hiyo hiyo kazini: uliyempitia, simu isiyopokelewa, upepo wa Matemwe. Chini ya kila moja weka kisawe kimoja, kisha isome tena ukiweka kisawe mahali pa "pick up". Kikikataa, kipige mstari na utafute kingine. Ukurasa ukijaa, geukia "drop off", ambayo ni kumshusha abiria, biashara kupungua, na pia kusinzia, jambo ambalo wageni wengi hulifanya garini kabla hata hamjafika Mahonda.