Umiliki na ruhusa zinazojipanga zenyewe kwenye PostgreSQL

Fundi akiacha kazi, amri ya DROP ROLE ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) hukataa kufuta akaunti yake kwa sababu majedwali aliyoyaunda bado ni mali yake. Dawa ni kuhakikisha hakuna jedwali linalomilikiwa na mtu binafsi; yote yawe ya akaunti ya pamoja ambayo hakuna anayeingia nayo moja kwa moja (NOLOGIN). Tuchukue hifadhidata iitwayo mauzo yenye skima (kundi la majedwali) iitwayo hesabu, na fundi mwenye akaunti fundi1. Ingia humo kwa akaunti ya msimamizi, postgres, kisha:

CREATE ROLE mauzo_mmiliki NOLOGIN;
CREATE ROLE mauzo_msomaji NOLOGIN;
ALTER SCHEMA hesabu OWNER TO mauzo_mmiliki;
GRANT mauzo_mmiliki TO fundi1;
ALTER ROLE fundi1 IN DATABASE mauzo SET role = 'mauzo_mmiliki';

Mstari wa mwisho ndio wenye kazi kubwa. Kuanzia hapo, kila fundi1 anapoingia, anachokiunda kinakuwa cha mauzo_mmiliki bila yeye kukumbuka lolote. Aliyekuwa ndani tayari lazima atoke aingie upya.

Majedwali ya zamani yahamishe:

REASSIGN OWNED BY fundi1 TO mauzo_mmiliki;

Amri hii haivuki hifadhidata uliyomo; irudie katika kila moja.

Sasa ruhusa za kusoma:

GRANT USAGE ON SCHEMA hesabu TO mauzo_msomaji;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA hesabu TO mauzo_msomaji;
ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE mauzo_mmiliki IN SCHEMA hesabu GRANT SELECT ON TABLES TO mauzo_msomaji;

Hapa ndipo wengi hukwama. ALL TABLES inagusa yaliyopo leo tu. Ya kesho yanategemea amri ya tatu. Nayo ukisahau FOR ROLE, itahusu majedwali yatakayoundwa na wewe uliyeiandika, si ya mmiliki. Haitatoa kosa lolote, na ripoti zitaanza kugoma siku jedwali jipya litakapoongezwa. Wanaoandika kwenye safu za aina ya serial (namba zinazojiongeza zenyewe) wape pia USAGE ON SEQUENCES, la sivyo INSERT itakataliwa.

Weka ukaguzi huu kwenye cron (kipanga kazi za kujirudia) kila usiku. Ukileta hata mstari mmoja, kuna anayepita njia ya pembeni:

SELECT tablename, tableowner FROM pg_tables WHERE schemaname = 'hesabu' AND tableowner <> 'mauzo_mmiliki';

Siku ya kumwondoa fundi, fuata mpangilio huu: REASSIGN OWNED, halafu DROP OWNED ili kuondoa ruhusa zilizobaki, zote mbili katika kila hifadhidata, mwisho DROP ROLE. Tafadhali usitangulize DROP OWNED: inafuta majedwali yenyewe pamoja na data yake.