Rimoti kwanza, programu baadaye: kuchagua simuleta ya ndege za modeli

Ukitaka kujifunza kurusha ndege za rimoti kwa kompyuta ya nyumbani, usianze kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Anza na rimoti. Simuleta, yaani programu inayoiga urushaji wa ndege, hufundisha vidole, na vidole huzoea kile vilichoshika. Pedi ya michezo haifai: vijiti vyake ni vifupi na vyote hurudi katikati ukiviachia, ilhali kijiti cha mota kwenye rimoti ya ndege hubaki pale ulipokiacha.

Rimoti inayoendeshwa na programu ya ndani ya EdgeTX au OpenTX yahitaji waya wa USB tu. Iwashe, chomeka, kisha chagua Joystick kwenye kioo chake. Kompyuta isipoiona, badilisha waya kwanza, maana waya nyingi za kuchajia simu hazipitishi data. Rimoti ya FlySky FS-i6 ina tundu la mkufunzi kwa nyuma, la kuunganishia rimoti ya mwalimu na ya mwanafunzi, nalo hutaka waya wake maalumu wa simuleta. Kabla ya kununua rimoti, waulize utakaorusha nao wanatumia Mode gani, yaani mpangilio gani wa vijiti. Mode 2 mota iko mkono wa kushoto, Mode 1 iko kulia, na kuhama baada ya kuzoea ni kazi ngumu.

Ndani ya rimoti, fungua modeli mpya (seti ya mipangilio ya ndege moja) uiite SIM, isiyo na mchanganyiko wowote wa chaneli, yaani kila kijiti kiendeshe mwendo wake tu. Kwenye Windows bonyeza Win na R, andika joy.cpl ufungue dirisha la vijiti, uhakikishe kila kijiti kinafika mwisho pande zote, ndipo usawazishe vijiti ndani ya simuleta. Ndege ikiinama kushoto wewe umesukuma kulia, geuza chaneli hiyo ndani ya simuleta. Ukiigeuza kwenye modeli ya ndege yako ya kweli, ukasahau, itaanguka mara tu ikiinuka.

Sasa programu. PicaSim ni ya bure na ni nyepesi, hivyo laptopu ya mtumba isiyo na kadi ya picha yake yaweza kuiendesha. Anza na hiyo. RealFlight ni ya kulipia, ni ya Windows tu, ina ndege nyingi zaidi, lakini inataka kompyuta yenye nguvu. Picha zikishuka chini ya fremu 30 kwa sekunde, ndege hukawia kuitikia, nawe utajifunza kusukuma kupita kiasi. Punguza vivuli na miti kabla ya kulaumu mkono wako. Na joto letu hili hupunguza kasi ya laptopu: iweke juu ya meza, karibu na feni, usiilaze kitandani.

Chagua mwonekano wa rubani aliyesimama chini, wala si kamera inayoifuata ndege. Ugumu wote uko pale ndege inapokuelekea, kwani kushoto na kulia hubadilishana. Ikiinama, sukuma kijiti kuelekea upande wa bawa lililoshuka, itanyooka. Lirudie hilo mpaka lisihitaji kufikiriwa.

Simuleta isiyokuwezesha kuweka upepo, iache. Anza na upepo sifuri, kisha kilomita 10 kwa saa, kisha 20 wenye kuvuma kwa ghafla, huku ukitua ukiukabili. Msimu wa kusi, hasa mchana upepo wa bahari unapoingia, ndivyo uwanja utakavyokuwa.