Theluji ya Machi na jirani yako: kwa Wazanzibari mlioko nchi za baridi

Naandika haya nikiwa barazani kwetu Wete, jua la Machi limewaka na masika bado. Mpwa wangu anafunga mizigo kwenda Toronto, nilikokaa miaka kumi na tatu. Jana kaniuliza, "Mjomba, baridi si itakuwa imeshakwisha?" Nikamwambia haijaisha, na theluji ya mwisho ndiyo nzito.

Theluji ya Januari huanguka kavu kama unga. Ya Machi hushuka wakati hewa iko karibu na nyuzi 0, imebeba maji, inaganda kwenye beleshi kama ugali kwenye mwiko. Lipake beleshi mafuta ya kupikia kabla hujatoka. Sukuma, usinyanyue, ikibidi kunyanyua, jaza nusu tu na ukunje magoti. Toka mara mbili tatu ingali inaanguka, usingoje irundikane. Mwenye maradhi ya moyo au presha asilishike kabisa, maana baridi hubana mishipa wakati uleule moyo unapodaiwa kazi kubwa, na watu hufa hivyo. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi: aliyefunga asichimbe theluji saa kumi na moja jioni, afuturu kwanza.

Hili jengine nalisema kwa uchungu kwa sababu ni la kwetu: makaa. Umeme ukikatika, mtu hukumbuka jiko, au huwasha chetezo nyumba ipate udi na joto. Hapa Wete madirisha yako wazi, upepo unapita. Kule nyumba zimezibwa kila upenyo, na makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu usingizini. Usiwashe makaa ndani, hata kidogo. Toka pia ukafukue bomba la moshi la mashine ya kupasha nyumba joto, lile linalotokeza ukutani, na ekzosi ya gari kabla hujaliwasha.

Ukimaliza kwako, vuka kwa jirani. Mwaka wangu wa kwanza, nyumba ya pili alikaa bibi mmoja peke yake, na kwa miezi tulikuwa tukipungiana mkono tu. Machi theluji ikafika magotini, na gari la kusafisha barabara likasukumia ukuta mzima mbele ya njia yake. Vipande vigumu, vyeusi kwa matope. Nilifanya kazi saa nzima. Jioni nikampelekea bakuli la muhogo wa nazi, na bakuli likarudi siku ya tatu lina keki ya tufaha. Nilisimama mlangoni nimelishika, nikamkumbuka mama, maana kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Lakini kule usibishe hodi ukangoja ndani kama Pemba. Gonga, rudi nyuma hatua mbili, taja jina lako na nyumba yako. Muulize kama dawa zake zinatosha na kama ana mkate. Njia yake ichimbe pana kiasi cha kiti cha magurudumu kupita. Theluji usiitupe barabarani wala uani kwa mtu, na bomba la maji la zimamoto lililo karibu lifukue, hata kama hakuna aliyekuagiza. Chumvi haisaidii sana ikishuka chini ya nyuzi hasi 10, hapo mwaga mchanga.

Halafu furahini, jamani. Usiku baada ya dhoruba mtaa hunyamaza kimya ambacho sijakisikia popote, theluji inameza sauti zote. Asubuhi watoto wangu walikuwa wakiteleza kilimani juu ya sinia la pilau. Sinia halina usukani, linazunguka tu, kwa hiyo tafuta mteremko usioishia barabarani wala kwenye miti. Wa jirani walikuja kupanga foleni.

Mama amesikia habari ya sinia. Ameliweka moja chini kabisa ya begi la mpwa wangu, na ndani yake karafuu za chai, kilo nzima.